Kupamba Nyumba kwa Kijani Kibichi: Kuanzia Dirishani hadi Ukutani

Rangi ya kijani huwashinda wengi kwa sababu huchaguliwa dukani, chini ya taa za dukani, kutoka kwenye kipande cha karatasi kisichozidi ukubwa wa kiberiti, kisha hupelekwa katika chumba ambacho mwanga wake haufanani hata kidogo na wa pale. Ni rangi inayogeuka upesi: ikipata manjano kidogo huchangamka, ikipata buluu hupoa, ikipata kijivu hutulia, na mwanga wa chumba unaweza kuongeza manjano au buluu hata pale ambapo mchanganyaji wa rangi hakuiongeza. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza dirishani, unapita ukutani, na mwisho ndipo unafika kwenye vitambaa na mimea. Mifano yake mingi ni ya Dar es Salaam na miji mingine ya pwani, ambako jua kali na unyevu wa chumvi huamua mambo ambayo vitabu vya upambaji vya Ulaya havina sababu ya kuyagusa.

Hatua ya kwanza: Soma mwanga wa chumba

Ingia katika chumba unachotaka kukipamba asubuhi, kisha saa 7 mchana, na tena jua linapoelekea kutua, mapazia yakiwa wazi na taa zikiwa zimezimwa, uandike ukuta upi unapigwa na jua la moja kwa moja, upi una mwanga tulivu na upi una giza. Dirisha linalotazama mashariki hupokea jua la asubuhi ambalo hupanda upesi na kuondoka ukutani kabla ya adhuhuri, kwa hiyo sehemu kubwa ya siku chumba hubaki na mwanga wa utulivu unaopokea karibu kila aina ya kijani. Dirisha la magharibi hupokea jua la alasiri lenye manjano, na kijani chenye manjano mengi, kwa mfano kile cha ganda la ndimu, kikipigwa na jua hilo huwaka hadi kuchosha macho. Chumba cha namna hiyo kinahitaji kijani kilichopoa.

Kuhusu kaskazini na kusini, usifuate ushauri ulioandikwa kwa ajili ya London au Stockholm, unaosema kwamba chumba kinachotazama kaskazini ni cha baridi na giza mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Tangu mwanzoni mwa Machi hadi karibu katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini wa anga, na miezi iliyobaki huwa upande wa kusini, tena likiwa juu sana kiasi kwamba paa lenye ukingo mpana hulizuia lisiingie ndani. Kwa hiyo hapa tofauti kubwa ni kati ya mashariki na magharibi. Nairobi na Arusha nazo zina jambo lao: Julai mawingu hutanda siku nyingi, mwanga huwa wa kijivu, na kijani cha baridi kilichopendeza Januari huonekana kimefubaa.

Angalia pia kilichopo nje ya dirisha na kilichopo sakafuni. Mwembe mkubwa uliosimama mita chache kutoka dirishani tayari unaingiza mwanga wa kijani chumbani, na kuta nyeupe za chumba hicho huwa na kijani chepesi bila ya kupakwa chochote. Sakafu ina nguvu zaidi. Nyumba nyingi za zamani zina sakafu ya saruji iliyosuguliwa kwa rangi nyekundu, na jua likiangukia sakafu hiyo hurusha wekundu wake kwenye sehemu ya chini ya ukuta. Wekundu ukikutana na kijani huzaa rangi ya tope, kwa hiyo ukuta uleule huonekana safi karibu na dari na umechafuka karibu na skatingi. Dawa yake ni mkeka mpana au zulia la rangi nyepesi mbele ya ukuta huo, au kuchagua kijani chenye kijivu ambacho hakidhuriki upesi.

Mwisho, soma maandishi kwenye maboksi ya taa zako. Taa za LED zenye 2700K au 3000K hutoa mwanga wa manjano unaopeleka kijani upande wa zeituni, ilhali zile za 6500K, ambazo zimejaa katika maduka yetu ya umeme, hutoa mwanga mweupe wenye buluu ambao hukifanya kijani cha mnanaa kifanane na ukuta wa wodi. Kwa sebule na vyumba vya kulala ninapendekeza 3000K, na jikoni 4000K, na ninapendekeza taa zibadilishwe kabla ya rangi kuchaguliwa, kwa kuwa kubadilisha taa ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kurudia kupaka ukuta.

Hatua ya pili: Chagua ukoo wa kijani

Ukiwa na maandishi yako ya mwanga, gawa rangi za kijani katika koo tatu. Ukoo wa kwanza una manjano ndani yake, nao ni wa jani changa la mgomba, embe bichi na nyama ya parachichi. Huu ndio wenye uchangamfu mkubwa, na hufaa vyumba vyenye mwanga hafifu, baraza, jiko na sehemu ya kulia chakula. Ukoo wa pili una buluu, nao ni wa mnanaa na wa maji ya bahari yenye kina kifupi juu ya mchanga mweupe. Hupoza chumba chenye jua la magharibi na hupendeza sana bafuni. Ukoo wa tatu una kijivu, kama sehemu ya chini ya jani la mzeituni, na hufaa chumba cha kulala kwa sababu hausumbui macho usiku wala alfajiri.

Ndani ya nyumba moja ni bora kubaki katika ukoo mmoja, ukipandisha na kushusha ukolezo kutoka chumba hadi chumba, kuliko kuchanganya mnanaa sebuleni na ndimu kwenye korido inayoonekana kutoka sebuleni. Rangi hizo mbili zikionekana kwa mtazamo mmoja, kila moja huifanya nyingine ionekane imekosewa. Iwapo lazima zikutane, ziwekee kati yao ukuta mweupe au mlango wa mbao.

Jambo moja ninalolishikilia ni kutopaka kijani kilichokolea kwenye ukuta unaotazamana na kioo cha kujipambia. Mwanga unaorudi kutoka ukutani huangukia usoni, na ngozi huonekana imechoka hata kama mtu ametoka kulala.

Hatua ya tatu: Jaribu kwenye ubao

Nunua kopo dogo la kila rangi unayoifikiria, zisizidi tatu, na uzipake kwenye vipande vya hadibodi vyenye ukubwa wa sentimita 60 kwa 60, mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, huku ukiacha mkono wa kwanza ukauke kabisa. Usipake moja kwa moja juu ya ukuta wa zamani, kwa kuwa rangi iliyopo pembeni italidanganya jicho. Ubao una faida nyingine: unaweza kuuhamisha kutoka ukuta wa dirisha hadi ukuta wa giza, ukausimamisha nyuma ya kochi, ukauweka karibu na mlango wa mninga, na ukautazama usiku chini ya taa.

Zingatia mambo mawili unapotazama. Rangi nyingi za maji hukolea kidogo zinapokauka, kwa hiyo usihukumu ikiwa mbichi. Pia rangi iliyopakwa kuta nne huonekana kali zaidi kuliko kwenye ubao, kwa sababu kila ukuta hurushia mwingine mwanga wake wa kijani. Ukivutwa na rangi mbili zinazokaribiana, chukua ile nyepesi au ile yenye kijivu zaidi.

Hatua ya nne: Amua kijani kishike sehemu gani

Wapambaji wengi hugawa chumba kwa asilimia 60 ya rangi kuu, 30 ya rangi ya pili na 10 ya rangi ya kuamsha jicho. Kwa nyumba za pwani naona ni salama zaidi kijani kishike ile 30, na ile 60 iachiwe nyeupe yenye umanjano kidogo, kwa sababu nyeupe hurudisha mwanga na kukifanya kijani kionekane kibichi. Nyeupe hiyo isiwe ile yenye buluu inayong'aa kama shati jipya la shule. Ikiwekwa kando ya kijani cha manjano, hukifanya kionekane kichafu.

Aliye katika nyumba ya kupanga azungumze na mwenye nyumba kabla ya kufungua kopo, akubaliane naye kama ukuta utarudishwa rangi yake siku ya kuhama, na ikiwezekana makubaliano hayo yaandikwe. Akikataliwa, ile 30 yote inaweza kubebwa na mapazia, foronya, mkeka na mimea, na akihama atahama nayo.

Hatua ya tano: Andaa ukuta

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo mafundi wengi wakiharakishwa huruka. Ukuta mpya uliopigwa plasta ya saruji unapaswa kukaa takriban siku 28 kabla ya kupakwa rangi ya maji, ili unyevu utoke na ukali wa saruji upungue, vinginevyo rangi itatoka mabaka mepesi na kubabuka. Ukuta wa zamani una maswali yake. Upitishe kiganja: kikitoka na unga, ukuta ulipakwa chokaa au rangi dhaifu ambayo lazima ikwaruzwe, ifutwe na kuwekewa praima ya kushikilia. Ukiona chumvi nyeupe imechanua sehemu ya chini, jambo la kawaida katika nyumba zilizo karibu na bahari, ipigwe brashi kavu, usiioshe kwa maji, kwa kuwa maji huirudisha ndani ya ukuta.

Ili kujua unyevu unatoka wapi, bandika kwa tepu kipande cha nailoni ngumu chenye ukubwa wa sentimita 50 kwa 50, ukizibe pande zote nne, ukiache siku nzima. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta, pengine kwenye bomba linalovuja au ardhini, na hakuna rangi ya kijani wala nyingine itakayodumu hapo hadi chanzo kitengenezwe. Matone yakiwa upande wa chumbani, tatizo ni hewa yenye unyevu, na dawa yake ni kufungua madirisha na kusogeza makabati mbali kidogo na ukuta.

Madoa meusi ya ukungu yaoshwe kwa dawa ya nguo yenye klorini, sehemu moja ya dawa kwa sehemu tatu za maji, madirisha yakiwa wazi na mikono ikiwa na glavu. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na siki, amonia au dawa nyingine ya kusafishia, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Acha ukuta ukauke kabisa, ziba nyufa kwa puti, kisha msasa laini.

Kuna tahadhari ambayo haizungumzwi vya kutosha. Milango na madirisha ya nyumba za zamani yalipakwa rangi za mafuta, na baadhi ya rangi za namna hiyo, hasa za manjano, kijani na nyekundu, zilitengenezwa kwa madini yenye risasi. Vumbi lake huathiri ubongo wa mtoto mdogo hata likiwa kidogo. Usipige msasa mkavu juu ya rangi hizo. Lowanisha, tumia msasa wa maji, tandika nailoni sakafuni, na watoto na wajawazito wawe nje ya nyumba hadi usafi utakapomalizika. Unaponunua rangi mpya, ulizia isiyo na risasi: sheria ya mfano iliyotayarishwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, inapendekeza ukomo wa sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni za rangi.

Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, zisipakwe rangi za plastiki zinazoziba ukuta. Ukuta wa chokaa hupumua, na ukizibwa hubaki na maji ndani hadi plasta idondoke kwa mapande. Zinafaa chokaa iliyotiwa rangi ya unga isiyoharibiwa na chokaa. Kijani kinachopatikana kwa njia hiyo hupauka sana kikikauka, na huo mpauko ndio uzuri wake. Pata kwanza ruhusa ya mamlaka ya uhifadhi.

Hatua ya sita: Piga hesabu, kisha paka

Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja juu ya ukuta laini. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye kimo cha mita 3 kina kuta zenye jumla ya mita za mraba 54. Ukitoa mlango na madirisha mawili ya kawaida hubaki karibu 48, ambazo kwa mikono miwili ni 96, yaani takriban lita 10. Nunua makopo matatu ya lita 4 ili ibaki akiba. Ukuta mmoja tu wa mita 4 kwa 3 unahitaji kopo moja.

Nunua rangi yote siku moja, na kabla ya kuanza mimina makopo yote katika ndoo moja kubwa na kuikoroga pamoja, kwa sababu hata mashine moja inaweza kutoa makopo mawili yanayotofautiana kidogo, na tofauti hiyo itaonekana katikati ya ukuta. Hifadhi karatasi yenye namba ya mchanganyiko. Sebuleni na chumbani chagua rangi isiyong'aa, kwa kuwa huficha mawimbi ya plasta. Jikoni, bafuni na kwenye korido wanakopita watoto chagua yenye mng'ao kidogo inayostahimili kufutwa.

Anza na dari, kisha kuta, malizia milango na skatingi. Kata kingo kwa brashi ya inchi 2, upana wa vidole vitatu hivi, kisha upige rola mara moja kabla ya kingo kukauka, vinginevyo utabaki na fremu ya kijani kilichokolea kuzunguka ukuta mzima. Maliza ukuta mmoja bila ya kupumzika katikati. Pwani rangi hukauka upesi mchana wa Januari, hivyo ni vyema kuanza asubuhi na mapema na kutopaka ukuta unaopigwa na jua. Kati ya mkono wa kwanza na wa pili acha saa 4, au zaidi wakati wa masika. Tepu ya karatasi ivutwe rangi ikiwa bado laini.

Hatua ya saba: Mbao na vitambaa

Kijani hupenda jirani mwenye wekundu au udongo, na kwa bahati njema fanicha zetu nyingi ziko hivyo: mninga, mvule, msaji, makasha yenye njumu za shaba, vyungu vya udongo. Kwa hiyo usizipake rangi. Safisha, piga msasa, pitisha vanishi isiyong'aa, na uziweke mbele ya ukuta wa kijani.

Mapazia yanahitaji uangalifu. Pazia jepesi la kijani dirishani huchuja jua, na adhuhuri chumba kizima, pamoja na sahani za chakula na nyuso za watu, huwa na rangi ya kijani. Chagua kitambaa cheupe chenye maua au mistari ya kijani, au ukishonee pazia la kijani bitana nyeupe kwa nyuma. Bitana hiyo pia hupunguza kupauka.

Kwa foronya za mito ya kochi, kanga hufanya kazi nzuri. Kipande kimoja chenye urefu wa takriban mita 1.5 na upana wa takriban mita 1 hukatwa miraba sita, mitatu kwa miwili, na kutoa foronya tatu za sentimita 45, mbele na nyuma, pindo likiangukia pembeni. Jina la kanga hubaki kwenye mraba wa katikati, na ni vizuri kulielekeza mbele lisomeke. Fua kanga mpya peke yake kwanza, kabla ya kukata, ili kama itasinyaa au kutoa rangi, ifanye hivyo mapema. Chini, mkeka wa ukindu wenye milia michache ya kijani unatosha. Ukuta, mapazia na zulia vyote vikiwa kijani, hakuna kitakachoonekana.

Hatua ya nane: Mimea

Mimea huleta kijani kisichopatikana kwenye kopo, kwa kuwa kila jani lina rangi zake kadhaa. Mmea wa ZZ, ambao asili yake inajumuisha Kenya na Tanzania, huhifadhi maji kwenye viazi vyake na huvumilia kona yenye mwanga hafifu. Umwagilie udongo ukishakauka kabisa. Sansevieria, yenye majani marefu magumu yaliyosimama wima, ni mvumilivu vilevile. Dirisha la mashariki lisilopigwa na jua kali linafaa Saintpaulia, ua la milima ya Usambara lililoelezwa kisayansi mwaka 1893, ambalo majani yake yenye manyoya hayapendi kulowa: mimina maji kwenye udongo tu. Jikoni, kopo la mrehani au mchaichai dirishani lina faida mbili.

Mmea wa ZZ, photosi na difenbakia huwasha vikali mdomoni vikitafunwa, kwa hiyo viwekwe mahali ambapo mtoto anayetambaa hafiki. Visahani vya chini ya vyungu vimwagwe na kusuguliwa angalau mara moja kwa wiki, kwa sababu mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hutaga kwenye maji machache yaliyotulia ya namna hiyo. Ukijaza kisahani mchanga mnene, maji hayatuami juu.

Matunzo

Ukuta wa kijani usioguswa na moshi wa jiko unahitaji kufutwa vumbi tu kwa kitambaa kikavu. Alama za mikono zifutwe kwa sponji yenye maji na sabuni kidogo, kuanzia chini kwenda juu, ili michirizi isiache alama kwenye sehemu kavu. Rangi iliyobaki imiminwe kwenye chupa au kopo dogo linalojaa hadi karibu na mfuniko, kwa kuwa hewa ndiyo inayoiharibu, na juu yake iandikwe chumba, namba ya mchanganyiko na tarehe. Itunzwe kivulini. Ukija kuziba doa, tumia rola ndogo badala ya brashi, kwa sababu brashi huacha mistari inayopokea mwanga tofauti na ukuta uliopigwa rola. Mabaki yasiyotakiwa yasimwagwe kwenye mtaro: yaachwe yakauke kopo likiwa wazi, kisha yatolewe pamoja na taka ngumu.